Louth: Kaunti Ndogo Yenye Nyumba Nyingi za Watawa

Jumatatu: Dundalk na Faughart

Treni ya Dublin kwenda Belfast inaikata kaunti ya Louth kwa muda mfupi mno. Ukisinzia Drogheda, ukija kuzinduka uko Newry, Ayalandi ya Kaskazini, nchi nyingine. Ndiyo kaunti ndogo kuliko zote za Ayalandi, haifiki hata kilomita za mraba 900, lakini kwa nyumba za watawa haipitwi na kubwa nyingi. Kuna za watakatifu wa kienyeji waliojenga vibanda vyao karne ya 5 na ya 6, kisha za mashirika ya watawa yaliyokuja baadaye: za Waagustino, za Wasistersiani, za Wadominiko na za Wafransisko. Nyingi ni magofu. Nilitaka kujua nani aliziua, maana jibu ninalolisikia kila mahali ni fupi mno: Waviking, maharamia wa Skandinavia, halafu mfalme Henry VIII wa Uingereza, basi.

Nimeshuka Dundalk kwa makusudi. Mambo makubwa yako kusini, karibu na mto Boyne, na mimi nyama naila mwisho.

Dundalk yenyewe haikunichukua muda. Wafransisko waliofika hapa karne ya 13 wameachiwa mnara mmoja tu wa kanisa lao, mtaa wa Seatown, umesimama peke yake katikati ya nyumba za watu. Nikautazama, nikapiga picha, nikakodi teksi kwenda Faughart, kilomita chache kaskazini.

Faughart ni kilima chenye makaburi, magofu ya kanisa dogo na kisima. Mapokeo yanasema Mtakatifu Brigid alizaliwa hapa katikati ya karne ya 5. Nyumba yake kubwa ya kitawa haiko Louth. Iko Kildare, kusini huko, ambako wanawake na wanaume waliishi chini ya abesi mmoja, yaani mkuu wa kike wa watawa. Lakini watu wa Louth hawakubali kunyang'anywa mtoto wao. Tangu mwaka 2023 Ayalandi nzima inapumzika kazi kwa ajili ya sikukuu yake mwanzoni mwa Februari, na hiyo ndiyo sikukuu ya kwanza ya kitaifa nchini humo kupewa jina la mwanamke. Kwenye matawi ya miti watu wamefunga vitambaa: vipande vya shati, soksi ya mtoto mchanga, hata barakoa ya hospitali. Kila kimoja na shida yake.

Kaburi jingine linaloonyeshwa pale ni la Edward Bruce, ndugu wa mfalme Robert wa Uskoti. Alikuja kutafuta ufalme wa Ayalandi, akauawa kilimani hapa Oktoba 14, 1318. Sitamlilia. Mwaka 1315 jeshi lake lilichoma kanisa la Ardee, mji wa kaunti hii hii, watu wakiwa wamejazana ndani wakitafuta usalama. Nimeanza kuwaongeza washtakiwa.

Jumanne: Carlingford

Basi la asubuhi linafuata pwani ya rasi ya Cooley, mlima kushoto, bahari kulia. Carlingford ni mji wa watalii sasa, chaza na baiskeli za kukodi, ila mitaa yake bado ni ya enzi za kati.

Hapa Richard de Burgh, bwana mkubwa wa Ulster, jimbo la kaskazini, wa kizazi cha Wanormani waliovamia Ayalandi kutoka Uingereza, aliwajengea Wadominiko konventi mwaka 1305. Magofu yako nje kidogo ya katikati ya mji: kanisa refu lisilo na paa na mnara umekaa katikati yake. Ukuta wa upande wa magharibi una vijinara na sehemu za kujificha wapiga mishale. Nyumba ya sala yenye mpango wa vita! Lakini huu ulikuwa mpaka, bandari ya kugombaniwa, na wahubiri nao walitaka kulala usingizi.

Kwa msomaji asiyezoea mambo haya: Wadominiko na Wafransisko si wamonaki. Mmonaki anaapa kukaa kwenye nyumba moja hadi kufa, analima, anaimba sala zake saba za mchana na moja ya usiku, na mji aukimbie. Hawa wengine waliishi mjini kwa makusudi, wakihubiri na kuomba sadaka. Ndiyo maana Louth nyumba zao ziko Dundalk, Carlingford na Drogheda, yaani kwenye soko na kwenye meli.

Konventi ya Carlingford ilifungwa miaka ya 1540 ilipoingia, kwa amri ya Henry VIII. Kisa kilichonivutia zaidi kilitokea baadaye. Watawa walirudi kimyakimya karne ya 17, na waliporudi wakagombana wao kwa wao. Wadominiko walidai nyumba tatu za kaskazini, Carlingford ikiwamo, na Wafransisko nao wakadai hizo hizo. Askofu mkuu wa Armagh, Oliver Plunkett, alipewa kesi hiyo aiamue, na akawapa haki Wadominiko. Wafransisko hawakusahau. Mwaka 1681 alipohukumiwa London kwa uhaini wa kubuniwa, miongoni mwa mashahidi waliomwangamiza alikuwamo Mfransisko, John MacMoyer. Tutakutana na Plunkett tena Drogheda, au tuseme na sehemu yake.

Jumatano: kijiji cha Louth

Mvua tangu alfajiri, ile ya kwao isiyonyesha wala kukatika.

Kaunti nzima imechukua jina la kijiji hiki, na leo ukikipita kwa gari huwezi kuamini. Duka, baa, kanisa la parokia, halafu shamba. Katika shamba hilo kuna nyumba ndogo ya mawe yenye paa la mawe, wanaiita nyumba ya Mtakatifu Mochta. Mochta alikuwa mtu wa Uingereza aliyefika enzi za Mtakatifu Patrick, mhubiri wa Ayalandi, akaanzisha monasteri yake hapa, akafariki karne ya 6. Nyumba yenyewe ni ya baadaye sana, lakini wenyeji wanasimulia kwamba ilijengwa kwa usiku mmoja ili mtakatifu apate pa kupumzikia. Chumba cha chini kina giza. Ngazi ya mawe inapanda kwenye kijichumba kilichobanwa chini ya paa. Nilipanda kwa kiwiko na goti. Mawe ya paa yamepangwa yakiegemeana kutoka pande mbili, bila boriti hata moja, na mvua ile yote haikuniangushia tone.

Hatua chache pembeni ziko kuta za abasia ya Waagustino, na hapo ndipo siasa inapoingia. Katika miaka ya 1140 mfalme wa Airgialla, ufalme wa huku kaskazini, Donnchad Ua Cerbaill, alikuwa ameipanua himaya yake mpaka hapa. Alihitaji ardhi yake mpya ionekane ya kudumu. Akauhamishia Louth uaskofu wa Clogher, akawaleta Waagustino wakae mahali pa Mochta, na mwaka 1142 alikuwa ameshatoa ardhi nyingine kusini, kando ya kijito cha Mattock, kwa watawa wageni kutoka Ufaransa. Mfalme aliyeleta shirika jipya alipata waandishi, wahandisi wa maji, maombi ya milele kwa ajili ya roho yake, na majirani wasioweza kumvamia bila kumkasirisha Papa. Kwa bei ya ardhi ya kuteka, si hasara.

Ardee nilipita jioni nikibadili basi. Sikushuka.

Alhamisi: Monasterboice

Leo nimefika kwa baiskeli ya kukodi kutoka Drogheda, kilomita kama nane, na nusu yake ni mlima. Barabara kuu ya M1 inaunguruma karibu kabisa na ukuta wa makaburi. Ndani ya ukuta kuna mnara wa duara, makanisa mawili yaliyobomoka, misalaba mitatu mirefu ya mawe, na marehemu wa juzi wamezikwa katikati ya marehemu wa miaka 1,000 iliyopita.

Mwanzilishi anaitwa Buite, aliyefariki mwaka 521 kwa hesabu za tarihi za Kiairishi, yaani kumbukumbu zilizoandikwa mwaka kwa mwaka. Usifikirie jengo kubwa. Monasteri za zamani zile zilikuwa kama mji: boma la mviringo, ndani yake vibanda, makanisa madogo kadhaa, mafundi, wanafunzi, ng'ombe. Kiongozi aliitwa abate lakini mara nyingi alikuwa mtu wa ukoo wa mwanzilishi au wa mfalme wa jirani, na kiti kilirithiwa. Wengine walikuwa na wake. Mwanachuoni mkubwa wa hapa, Flann, mkuu wa shule na mwanahistoria aliyefariki mwaka 1056, alikuwa na wana, na wazao wake wakashika uongozi wa monasteri baada yake. Ukristo wao ulikuwa na ukoo ndani yake, na nadhani msomaji wa kwetu hatashangaa sana.

Msalaba wa Muiredach nimeuzunguka mpaka shingo ikauma. Unakaribia mita 5.5, jiwe la mchanga lililochongwa kila upande. Upande wa mashariki unaanza na Adamu na Hawa chini ya mti uliolemewa matunda, na ubavuni pao Kaini anamuua Abeli. Juu yao Daudi na Goliathi. Juu tena Musa anapiga mwamba na Waisraeli wamekaa safu mbili wakingoja maji. Mamajusi wanakuja. Katikati ya duara Kristo anahukumu: kuliani kwake watu wanaimba na kupiga ala, kushotoni shetani mwenye mkuki wa meno matatu anawaswaga wengine. Chini kidogo malaika Mikaeli anapima roho kwenye mizani, na shetani mdogo amelala chali akijaribu kuuvuta upande mmoja kwa fimbo. Watu wa kawaida wa hapa hawakuwa na vitabu. Kasisi aliwasomea jiwe.

Zunguka upande wa magharibi, piga magoti, utazame chini kabisa. Kuna maandishi ya Kiairishi yanayomwombea Muiredach aliyeuagiza msalaba. Kuna abate wa jina hilo aliyefariki mwaka 923, na wengi wanaamini ndiye. Karibu na maandishi hayo wamelala paka wawili. Mmoja amemshika mtoto wake anamlamba. Mwingine ameshika ndege. Kidole changu kiliingia kwenye mkunjo wa sikio la yule mwenye mtoto, na mkunjo bado upo baada ya mvua za karne 11. Hawana kazi yoyote ya kiteolojia niijuayo. Nadhani fundi aliwapenda tu, na abate akamwachia.

Msalaba wa magharibi ni mrefu zaidi, kama mita saba, ila umeliwa na hali ya hewa. Mnara wa duara unakaribia mita 30 na kofia yake imeanguka. Mlango uko juu ya kimo cha mtu, na kila mtalii anaambiwa watawa walivuta ngazi Waviking walipokuja. Huenda. Lakini mnara ni bomba la moshi. Mwaka 1097 uliungua na vitabu na hazina zilizokuwa ndani, na tarihi hazisemi Mviking yeyote alihusika. Na mwaka 968 aliyeivamia Monasterboice alikuwa Domnall Ua Néill, mfalme wa Tara, Mwairishi na Mkristo, kwa sababu maadui zake Waviking walikuwa wameshika eneo hilo. Monasteri ilikuwa ghala la chakula na fedha, na ghala halichagui mwizi.

Lakini hata hao hawakuiua. Ilichomwa na kuporwa, ikajengwa upya. Jina la mwisho la kiongozi wake lililoandikwa kwenye tarihi ni Fergna, mwaka 1122, wa ukoo ule ule wa Flann. Baada ya hapo, kimya. Miaka 20 baadaye nyumba mpya inafunguliwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka hapa. Kwa hiyo Henry VIII alipokuja na karatasi zake mwaka 1539, hapa hakukuwa na cha kufunga. Mtu wa kuhojiwa ni mwingine, na yeye ni mtakatifu: Malachy wa Armagh.

Ijumaa: Mellifont

Malachy alikuwa mwanamageuzi. Alichukia abate za kurithi na ndoa za makasisi, na alitaka kanisa la Ayalandi lifanane na la Roma. Akiwa njiani kwenda kwa Papa karibu mwaka 1140 alipita Clairvaux, Ufaransa, kwa Bernard, Msistersiani maarufu kuliko wote. Walipendana papo hapo. Malachy akaacha baadhi ya wenzake wafundwe huko, na mwaka 1142 kundi la Wafaransa na Waairishi hao likafika kando ya Mattock, kwenye ardhi ya Ua Cerbaill. Bernard alimtuma pia mtawa mmoja aitwaye Robert awaonyeshe jinsi ya kujenga.

Mgeni njoo, mwenyeji apone: ndivyo Malachy alivyotarajia. Haikuchukua muda Wafaransa kadhaa wakafunga virago wakarudi kwao. Hawakupatana na wenyeji, na Bernard ikabidi aandikiane barua na Malachy juu yake. Abate wa kwanza, Christian, alikuwa Mwairishi, na chini yake nyumba ikakua upesi ajabu. Bective ilizaliwa kutoka hapa mwaka 1147, halafu Baltinglass, Boyle, Newry na nyingine nyingi. Malachy hakuyaona mengi. Alifia Clairvaux mikononi mwa Bernard, Novemba 1148, na Bernard akaandika maisha yake.

Magofu yako bondeni, na kwa mtu aliyetoka Monasterboice jana tofauti inaonekana hata kabla hujashuka. Kule kila kitu kilikuwa mviringo na holela. Hapa ni pembe nne. Kanisa upande wa kaskazini, lenye urefu wa karibu mita 58. Kusini yake ua wa mraba wenye baraza pande zote. Mashariki ukumbi wa mkutano. Kusini bwalo la chakula. Abate yeyote wa Kisistersiani kutoka nchi yoyote angeweza kuingia usiku bila taa akafika kitandani. Huu ndio mpangilio ambao Mellifont iliuleta Ayalandi. Msomaji aliyewahi kuingia Peramiho au Ndanda anaujua, maana Wabenedikto nao wanaufuata.

Kuta nyingi zimebaki kimo cha goti. Kilichosimama ni sehemu ya jengo la kunawia mikono, la karibu mwaka 1200. Lilikuwa na pande nane. Zilizobaki ni chache kuliko hizo, kila mmoja na tao lake la duara. Lilikaa mbele ya mlango wa bwalo. Katikati palikuwa na beseni na maji yaliyoletwa kwa mabomba, watawa wakisimama kulizunguka wakinawa kabla ya kula, kimya. Nimelikagua tao moja kwa karibu: mistari mitatu ya kuviringa, na juu ya nguzo majani yaliyochongwa, kila nguzo na majani yake. Wasistersiani waliapa kukataa mapambo. Sheria yao ilikataza sanamu na minara ya fahari. Sasa hapa, mahali pa kunawia mikono, fundi akapewa ruhusa kidogo. Nikawakumbuka wale paka.

Mwaka 1157 kanisa lilitabarukiwa kwa sherehe ambayo tarihi zimeihesabu kama mhasibu. Mfalme mkuu Muirchertach Mac Lochlainn alitoa ng'ombe zaidi ya 100, dhahabu wakia 60 na shamba karibu na Drogheda. Ua Cerbaill wakia 60. Na Derbforgaill, mke wa Tigernán Ua Ruairc, naye akatoa wakia 60, kikombe cha dhahabu kwa altare ya Maria na vitambaa kwa altare nyingine. Ni mwanamke huyo huyo aliyechukuliwa na mfalme wa Leinster, Diarmait Mac Murchada, mwaka 1152. Kwa hiari au kwa nguvu, wanahistoria wanabishana bado. Ugomvi wa wanaume hao wawili ulisaidia kumfukuza Diarmait nchini mwaka 1166, naye akaenda kuwaleta Wanormani. Derbforgaill alikuja kumalizia uzee wake hapa Mellifont na kufia hapa mwaka 1193, Wanormani wakiwa wameshajenga ngome zao bonde zima.

Wanormani wakaleta watawa wao na nyumba zao, na shirika moja likawa na mataifa mawili. Mwaka 1216 wakaguzi kutoka makao makuu ya shirika walipobisha Mellifont, walikuta lango limefungwa na umati umelilinda. Abate akavuliwa madaraka. Haikutosha. Mwaka 1228 akatumwa Stephen wa Lexington, abate kutoka Uingereza, mtu mwenye akili na asiye na subira. Akazigawa nyumba mabinti za Mellifont kwa abasia za nje, na akaweka sharti: asipokelewe mtu asiyeweza kuungama kwa Kifaransa au Kilatini. Lugha ya nchi, aliyokuwa akiisema kila mkulima hadi kijitoni, ikawekwa nje ya lango. Hakuwa mbaguzi wa hovyo. Alitaka pia vijana wa Kiairishi wapelekwe Paris na Oxford kusoma. Sisi tuliofanya mitihani ya sekondari kwa Kiingereza hatuhitaji kufafanuliwa mantiki hiyo.

Mwisho ulikuja Julai 1539, bila damu. Abate Richard Contour alisaini, akapewa pensheni. Abasia ilikuwa na mashamba makubwa pande mbili za Boyne na mitego ya samaki mtoni. Hata kilima cha Newgrange chenye kaburi la kale kuliko piramidi za Misri kilikuwa kwenye ardhi yake. Yote yakaingia mikononi mwa taji, baadaye kwa askari wa Kiingereza, Edward Moore, aliyejigeuzia abasia kuwa nyumba ya ngome.

Katika nyumba hiyo, Machi 30, 1603, Hugh O'Neill, kiongozi wa mwisho mkubwa wa Waairishi wa Ulster, alipiga magoti mbele ya Lord Mountjoy, mwakilishi wa taji la Uingereza, baada ya vita vya miaka tisa. Alijisalimisha kwa malkia Elizabeth wa Uingereza. Elizabeth alikuwa amefariki siku sita kabla. Mountjoy alijua, akanyamaza, maana habari ile ingempa O'Neill nguvu ya kudai masharti mengine. Ilipotangazwa, O'Neill alilia. Miaka minne baadaye, kabla ya kuikimbia nchi moja kwa moja, alipita tena hapa kumuaga mwenye nyumba, Garret Moore, na inasemwa alilia tena pasipo kumweleza sababu.

Nikala mkate wangu nimeketi kwenye msingi wa ghala. Kijito ni chembamba kiasi cha kurukwa. Ng'ambo yake ni kaunti ya Meath.

Jumamosi: Collon, kisha Drogheda

Wasistersiani walirudi. Mwaka 1938 watawa kutoka Mount Melleray, kaunti ya Waterford, walinunua jumba lililokuwa la John Foster, spika wa mwisho wa bunge la zamani la Ayalandi, huko Collon, kilomita chache kutoka magofu. Wakaiita Mellifont Mpya. Walilima, walifuga, wakazeeka. Mwishoni mwa 2024 ilitangazwa kwamba jumuiya tatu, Mount Melleray, Mellifont na Mount St Joseph, zinaungana na kuishi pamoja Roscrea, kwa sababu waliobaki ni wachache. Nilitazama jumba kutoka barabarani, nikaendelea na safari. Safari hii hapakuwa na mfalme wala Mviking; vijana hawakuja, basi.

Drogheda mchana. Mnara wa Magdalene, juu ya kilima kaskazini mwa mji, ndio salio la konventi ya Wadominiko iliyoanzishwa mwaka 1224 na askofu mkuu Lucas de Netterville. Mwaka 1395 O'Neill wa wakati huo na machifu wengine walimtii mfalme Richard II wa Uingereza katika mji huu. Mnara umesimama juu ya tao moja jembamba, na pembeni yake watoto walikuwa wakipiga mpira. Kanisa la Wafransisko lenyewe liko mtaa wa chini, ila siku hizi ni jumba la sanaa: ndugu waliondoka mwaka 2000, na Highlanes ikafunguliwa humo mwaka 2006. Nimeona michoro mizuri mahali palipokuwa na altare. Sikuchukia. Paa halivuji, na hilo ni zaidi ya walichopata Carlingford.

Na katika kanisa la Mtakatifu Petro, mtaa wa West, nikamwona Oliver Plunkett. Kichwa chake kimo ndani ya kisanduku cha kioo, rangi ya ngozi iliyokaushwa kwa moshi, meno machache yanaonekana. Alinyongwa Tyburn, London, Julai 1681, akatangazwa mtakatifu mwaka 1975. Kwa karibu miaka 200 waliokitunza kichwa hicho mjini hapa walikuwa masista wa Kidominiko. Aliwapa ndugu zao Carlingford. Wao wakamtunzia kichwa.

Jumapili: Beechgrove

Nimezaliwa mkoa wa Singida, na hii ndiyo sababu ya pili ya kuja Louth. Hospitali ya Makiungu, wilaya ya Ikungi, ilianzishwa mwaka 1954 na masista wa shirika la Medical Missionaries of Mary, ambao makao yao, Beechgrove, yako Drogheda. Mwanzilishi wao, Mary Martin wa Dublin, alitaka shirika la masista madaktari na wakunga. Kwa muda mrefu sheria ya Kanisa iliwazuia watawa wa kike wasifanye kazi ya uzazi. Wakati akisubiri, kati ya 1934 na 1936, yeye na wenzake waliendesha shughuli za nyumbani za shule ya Wabenedikto wa Glenstal, wakijifunza humo sala na utaratibu wa kimonaki. Februari 1936 Roma ikalegeza katazo, na Aprili 1937 akaweka nadhiri zake Nigeria, akiwa mgonjwa kitandani. Hospitali yao ya Drogheda ilifuata muda mfupi baadaye.

Kwa hiyo katika kaunti hii mpango wa Bernard ulizaa tawi ambalo hakulitegemea: wanawake waliochukua ratiba ya kimonaki wakaipakia kwenye meli, wakaenda kuzalisha akina mama Anua, Nigeria, na Makiungu. Kati ya nyumba zote za Louth nilizozitembelea, hiyo ndiyo pekee ambayo matokeo yake niliyajua kabla ya kuijua historia yake. Mama yangu alijifungulia Makiungu.

Sista mzee aliyewahi kufanya kazi huko alinikaribisha chai baada ya misa. Nikamsalimu kwa Kiingereza, akanikatiza.

"Shikamoo huijui?"

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Umekula?"

Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kinyaturu. Alikumbuka majina ya vijiji, ya wauguzi, ya mbwa. Nilimweleza safari yangu ya magofu, akasikiliza kwa adabu, akasema Mellifont ni pazuri lakini pana baridi, na kwamba wale mabwana wa zamani walikuwa na watumishi wa kuwachotea maji. Kisha akataka habari za maana. Aliuliza alizeti zimetoka vipi mwaka huu. Aliuliza bei ya jogoo wa Singida siku hizi, na nilipomtajia, akaweka kikombe chini na kusema huo ni wizi.